Inauma Kama Nini?

Ukifika kwangu Misigiri asubuhi ukamkuta mzee amelala kifudifudi katikati ya uwanja, kofia imemwanguka pembeni, nyayo zimeelekea mlangoni kwangu, usipige yowe. Hajafa. Wifi yangu alipiga, siku alipokuja kunisalimia kutoka Ulemo. Aliangusha kapu la mayai, akashika kichwa, akaniita mpaka sauti ikakatika: "Mama Eliya! Kuna maiti uwanjani kwako na wewe umekaa jikoni unasonga ugali!" Kabla sijafungua mdomo, maiti ikainua mkono mmoja, wala haikugeuza shingo, ikasema, "Msitembeetembee jamani, mnamtikisia ardhi. Ndiyo kwanza anaingia."

Huyo ndiye Bwana Shamba. Alizaliwa wapi, ukoo gani, babu yake alitoka wapi na ng'ombe wangapi, muulizeni mwenyewe siku mkiwa na siku ya kupoteza. Mimi ni jirani tu. Kati ya kwake na kwangu pana ua wa minyaa, na miaka yote hii nimemjua kwa yale yanayopenya kwenye ua: kikohozi, redio, ugomvi na mkewe, na yeye mwenyewe, kila mvua zikianza, akiomba ruhusa ya kuja kulala uwanjani kwangu. Uwanja wangu ndio ulikuwa furaha yake, nasema kweli, kuliko hata pensheni. Na mwaka huu nusura ufunikwe na matofali.

Aliyekuwa anaingia kishimoni siku ile ni mdudu. Ukimwona utadhani ni sisimizi mkubwa aliyevaa kwenda harusini: kifua chekundu chenye manyoya laini kama kitambaa cha mahameli, tumbo jeusi, na juu ya hilo tumbo madoa meupe yaliyopangwa vizuri kabisa. Anatembea peke yake, mbiombio, mtu aliyechelewa. Ila usije ukatamka neno sisimizi mbele ya Bwana Shamba. "Siyo sisimizi!" atakurukia. "Ni nyigu. Nyigu jike. Hana mabawa, lakini mwiba anao." Alimwita nyigu wa mahameli, na alikuwa radhi ugali upoe, msiba usubiri, mpaka akurekebishe.

Na mwiba kweli anao. Hapo ndipo tabia mbaya kuliko zote za Bwana Shamba inapoanza. Mtu akiumwa na yule mdudu, anaruka, anashika mguu, anaita mama yake aliyekufa zamani, Bwana Shamba hakimbilii maji wala hasemi pole. Anachuchumaa mbele yako, macho yanang'aa, anauliza, "Inauma kama nini?" Na usimpe jibu la ovyo. Mchungaji wetu alikuja kuniombea wakati nilipokuwa mgonjwa, tukatandika mkeka nje, akakalia mmoja katikati ya sala. Aliondoka mkekani kabla ya amina. Bwana Shamba alikuwa ameshafika. "Inauma kama nini, Mchungaji?" Mchungaji akasema, huku amejishika nyuma, "Kama moto wa jehanamu!" Bwana Shamba akatikisa kichwa. "Huo hujawahi kuushika. Nitajie kitu ulichowahi kukishika."

Fundi baiskeli wa pale njia panda alijibu vizuri zaidi. Alisema ni kama spoku iliyowekwa motoni, ikachomekwa kwenye kidole cha mguu, halafu mtu anaizungusha. Bwana Shamba alipenda sana. "Spoku," akarudia taratibu, kama anaonja chumvi. "Inazungushwa upande gani?" Majibu yote hayo aliyahifadhi kichwani, na ukimpa kikombe cha chai atakusomea, kuanzia mchungaji mpaka mwenyekiti wa kitongoji. Mkewe aliumwa kisigino siku moja akichota maji. Akaulizwa. Akasema, "Kama kuolewa na wewe." Mzee akafikiri, akafikiri, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Mwanzoni au sasa?"

Mimi niliumwa nikianika alizeti. Sikumjibu. Nilimrushia mwiko.

Yeye mwenyewe je? Alikuwa hajawahi! Miaka yote hiyo ya kulala nao chini, alikuwa hajaumwa hata mara moja. "Mtaalamu haumwi," alisema, akijipigapiga mfuko wa shati. Mfukoni kulikuwa na kibanio cha mkewe cha kung'olea nyusi. Alimnyanyua mdudu kwa kibanio hicho, polepole, akamsogeza sikioni kwako usikie. Maana analia, mjue. Ukimbana anatoa mlio mwembamba, tsii tsii tsii, kama bawaba ya kabati ndogo isiyo na mafuta. Watu wazima walikuwa wanakimbia. Bwana Shamba alisogeza sikio lake mwenyewe, akafumba macho na kutabasamu. "Anasema, niache niende zangu," alituambia, halafu kweli anamwacha aende zake.

Msidhani alikuwa mtu wa kupenda wadudu tangu zamani. Wapi! Enzi za utumishi wake alizunguka Iramba nzima na pikipiki ya serikali, bomba la dawa mgongoni, akitufundisha kuua. Alikuwa na sauti kali kwenye mikutano: nyunyiza, choma, fukia. Alipostaafu akawa wakili wao. Nilimuuliza siku moja kwa nini amegeuka hivyo, nikidhani atanipa hotuba. Akasema, "Miaka yote ile nilikuwa nawaua, Mama Eliya. Sikuwahi kuwatazama."

Na shamba lake mwenyewe, ole wangu. Bwana Shamba ana alizeti fupi kuliko mbuzi. Watu wakipita na mikokoteni wanapunguza mwendo ili wacheke vizuri. Tena huyu mtu anayeshika nyigu kwa kibanio anaogopa chura. Chura! Mvua ikinyesha jioni, chura mmoja akiruka barazani, Bwana Shamba yuko juu ya kiti, ameshika suruali magotini, anamwita mkewe. Mkewe humwondoa chura kwa ufagio bila kusema neno, na kumwangalia mumewe kwa muda mrefu.

Basi, kwa nini uwanja wangu na siyo wake? Hili lilinikera sana mwanzoni, maana wadudu wakijaa kwako watu husema wewe ni mchafu. Na mimi, mtu yeyote wa Misigiri atakwambia, uwanja wangu haujawahi kulala na jani. Nafagia jua halijachomoza, kuanzia mlangoni mpaka barabarani, mistari ya ufagio imenyooka, na anayeikanyaga kabla sijamaliza namsema. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonilea. Sasa nikamwendea Bwana Shamba nikiwa nimefura: kwani mimi na uchafu wapi na wapi? Kwa nini kwangu?

Akanionyesha vishimo. Vilikuwa vingi kwenye ule mchanga karibu na jiko, kila kimoja kina kichuguu kidogo cha udongo pembeni. "Hawa ni nyuki wapweke," akasema. "Hawana mzinga, hawana malkia, kila mama anachimba chumba chake na kulea wanawe. Hawapendi majani. Wanapenda ardhi tupu, safi, inayopigwa na jua. Wilaya hii nzima hakuna aliyewaandalia kama wewe. Na huyu wa mahameli anawafuata wao. Umewaalika mwenyewe, kwa ufagio."

"Kwa hiyo nifanyeje waondoke?"

"Acha kufagia. Nyasi zikiota watahama."

Weee! Nyasi? Mbele ya nyumba yangu? Watu wapite barabarani waone majani mlangoni waseme Mama Eliya amekufa na hakuna aliyepewa taarifa? Nilimwambia afadhali niumwe kila siku. Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. Alijua ameshinda. Aliyaona majani ya uwanja wake mwenyewe, akaona ufagio wangu, akajua kwamba aibu yangu itamlindia wadudu wake mpaka mwisho wa dunia.

Nilijaribu njia nyingine, sikatai. Nilimkanyaga mmoja kwa kandambili, kwa uzito wangu wote, na si mdogo. Nikainua mguu. Akatoka mchangani, akajikung'uta, akaendelea na safari. Nikamkanyaga tena, akatoka tena. Bwana Shamba alikuwa kwenye ua anapiga makofi. "Ana gamba gumu hilo, hata pini inapinda!" Jogoo wangu naye alijaribu. Jogoo mkorofi, anafukuza mpaka mbwa. Alimdonoa yule mdudu, akamtema papo hapo, akafuta mdomo ardhini asubuhi nzima. Tangu siku hiyo hakusogelea kitu chekundu, hata pilipili niliyoanika. Nilimchinja Krismasi akiwa bado anaogopa nyanya.

Halafu lipo lile la yowe, ambalo mpaka leo likitajwa kwenye kilabu watu wanamwaga pombe kwa kucheka. Kwetu yowe si mchezo. Likipigwa, kila mwanaume anatoka na fimbo, maana ni ng'ombe wameibwa au mtu amevamiwa, na asiyetoka anatozwa. Sasa alasiri moja tunasikia yowe limetoka upande wa mashamba, sauti ya Bwana Shamba: "Amembeba! Jamani, amembeba! Anaondoka naye!" Kijiji kizima kilitoka. Fimbo, mapanga, mwenyekiti na kiatu kimoja. Tunamkuta mzee katikati ya alizeti yake fupi, anahema, ananyoosha kidole angani. Nani kabebwa? "Jike!" anasema, machozi ya furaha yanamtoka. "Dume lina mabawa, jike halina. Dume limekuja, limemkamata, limeruka naye hewani! Nimeona kwa macho yangu!"

Mzee mmoja, aliyekuwa amekuja na mkuki, akauliza kwa uzito, "Mke wa nani?"

Alitozwa jogoo na kuomba radhi mkutanoni. Aliomba radhi vizuri sana, kisha akaanza kueleza tena jinsi dume lilivyomshika jike, ikabidi mwenyekiti afunge mkutano. Mkewe alitembea kurudi nyumbani akiwa mbele yake hatua nyingi. Nilimsikia akisema, "Kama ningekuwa na manyoya mekundu kifuani, labda ningeonekana na mimi."

Mimi niliwahi kumuuliza faida yake. Maana maisha ya yule mdudu, akikueleza, ni ya ajabu. Hana nyumba. Anazunguka na nguo zake nzuri mpaka aone chumba cha nyuki, anaingia, anaacha yai kwa mtoto wa mwenye nyumba, anatoka. Lile yai likianguliwa, anayetoka anamla mtoto wa mwenyewe mpaka amalizike, tena mwenye nyumba hana habari. Wakati ananieleza hayo wifi yangu, yule wa mayai, alikuwa bado yuko kwangu. Alikuja kwa siku mbili wakati wa kupanda, na sasa mahindi yalikuwa yameshakomaa. Nikamtazama wifi, nikamtazama Bwana Shamba. "Sasa mtu wa hivyo ana faida gani?" Akajibu kwa sauti ndogo, wifi asisikie, "Akiondoka, utaona nyumba imepoa." Na kweli, wifi alipoondoka nilikaa siku nzima sina wa kugombana naye.

Macho yalianza kumsumbua taratibu. Kwanza alikuwa anamwita mkewe amsomee lebo za dawa. Halafu akawa anasalimia nguzo. Tulicheka, na yeye alicheka. Hospitali wakamwambia ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, watalinda kilichobaki. Kilichobaki kikaisha hivyo hivyo. Mvua zilipoanza msimu uliopita alikuja kulala uwanjani kwangu kama kawaida, kibanio mkononi, na mmoja mwekundu akampita karibu kabisa na pua. Hakumwona. Nilikuwa mlangoni na bakuli la mlenda, nikashindwa kumwambia. Roho iliniuma, jamani. Iliniuma kuliko mwiba wowote.

Mwaka huu sasa. Eliya, mwanangu, anaendesha lori, yuko Singida mjini. Mtoto mzuri, ananipenda. Daktari aliniambia nisiiname, mgongo wangu umechoka, na Eliya aliposikia akapakia lori zima matofali ya kupanga chini, yale ya pevingi, akaja kuyashusha getini. "Mama, hutashika ufagio tena. Uwanja wote nakupangia, mlangoni mpaka barabarani." Akamwacha fundi aanze Jumatatu. Majirani walikuja kuyaona, wakayapapasa. Nilijisikia mtu mkubwa, siwezi kudanganya. Na huku nimejisikia mkubwa, sikulala vizuri.

Jumatatu fundi hajachanganya hata mchanga, namwona Bwana Shamba anakuja kwa fimbo, anagusagusa ardhi, mkewe yuko nyuma ya ua anamwangalia. Nikasema, "Shikamoo Bwana Shamba." Akasema, "Marahaba, Mama Eliya," lakini uso ameuelekeza kwenye rundo la matofali. Nikasogea ili anijibu mimi.

"Nimesikia lori," akasema. "Nimekuja kukwambia, panga matofali yako. Usinionee haya mimi. Mgongo wako ndio wa muhimu. Mimi siwaoni tena, na kitu usichokiona, kipo au hakipo, ni sawa tu."

Alisema hivyo akitabasamu. Mimi nikikasirika ndipo ninapojua ninachotaka. "Nani amekwambia nakuonea haya?" nikafoka. "Umekuwa nani wewe wa kuonewa haya? Simama hapo hapo!"

Maana nilikuwa nimemwona. Karibu na jiko, kwenye mchanga niliofagia asubuhi ile, mwekundu, peke yake, mbiombio. Nikaingiza mkono mfukoni mwa shati la Bwana Shamba. Kibanio kilikuwemo bado, mtu anayesema ni sawa tu bado anatembea na kibanio! Nikapiga magoti, mgongo ukalia kuliko mdudu, nikakosa, nikapiga kelele, nikakosa tena, fundi amesimama na sepetu mdomo wazi. Mwishowe nikambana. Nikanyanyuka, mkono nimeunyoosha mbali na mwili wangu, nikamsogeza sikioni kwa mzee.

Tsii, tsii, tsii.

Alifumba yale macho yasiyoona, kama zamani. Kisha akanong'ona, "Manyoya yake sijawahi kuyagusa, Mama Eliya. Unajua hilo? Miaka yote, kwa kibanio tu." Nikamwambia acha, wewe mzee, usithubutu. Alikuwa ameshainua mkono. Kidole kikapapasa hewani, kikampata, kikapita juu ya ile mahameli taratibu, mara moja.

Yowe alilopiga lilifika njia panda. Fundi aliangusha sepetu. Mdudu alianguka mchangani akaenda zake. Bwana Shamba alikuwa anazunguka pale pale, amebana mkono kwapani, anaita watu wa ukoo wake kwa Kinyiramba, walio hai na waliokufa. Na mimi, Mungu anisamehe, sikukimbilia maji. Nilisimama mbele yake, nikashika kiuno.

"Inauma kama nini, Bwana Shamba?"

"Maji, mama! Niletee maji!"

"Jibu kwanza."

"Moto! Ni moto!"

"Moto gani? Umewahi kuushika? Wa kuni au wa mkaa?"

"Mama Eliya, nitakufa!"

Kule nyuma ya ua mkewe alikuwa ameshika mbavu. "Muulize unazunguka upande gani!" akapaza sauti. "Muulize, mwanzoni au sasa!"

Basi tukacheka sote, fundi naye, mzee naye, analia na kucheka kwa pamoja, kamasi na machozi havijulikani. Ikapita. Akakaa chini kwenye mchanga, mkono umeanza kuvimba, akaugeuzageuza mbele ya uso wake kana kwamba anauona. Akawa anapumua tu. Niliinama nimsikie, maana sauti ilikuwa imeshuka.

"Sasa nimemwona," akasema.

Nilikwenda kuchota maji, nikamwosha mkono, nikaufunga kwa kanga yangu. Fundi akakohoa, akauliza kama apange kuanzia mlangoni au kuanzia barabarani. Nikamwambia abebe matofali yote ayapeleke nyuma, apange njia ya chooni, yakibaki azungushie banda la kuku.

"Na hapa mbele, mama?"

Ufagio ulikuwa umelala karibu na jiko. Nikainama kuuokota, mgongo ukaniuma kama kawaida yake.

"Hapa mbele panafagiliwa," nikamwambia.